Shurba ya mtaa: gorogoro moja la ngano, watu 50

Mhariri, salamu kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Swali lenu la wiki lilikuwa: majirani wakichangishana kila mtu alicho nacho, wapike nini katika chungu kimoja kiwashibishe wote, na wakipikeje kisiharibike? Jibu letu ni shurba ya ngano. Ni supu ya mifupa iliyotiwa ngano ya kupasuliwa ikaiva mpaka supu ikawa nzito kidogo, inanyweka lakini inashibisha. Mwezi wa Ramadhani haikosekani, ila hakuna kinachozuia kuipika siku yoyote watu wanapokutana.

Tatizo liko katika hilo neno "kila mtu alicho nacho". Mkitangaza hivyo mtaletewa vitunguu kilo 8, tungule (nyanya) hazitoshi, nyama ya ng'ombe nusu kilo hapa, vipapatio vya kuku pale, kunde kikombe kimoja, na ngano hakuna aliyeikumbuka. Chungu cha mchango kinaharibika kwa vitu vinavyoiva kwa nyakati tofauti kutiwa kwa pamoja. Kwa hiyo hesabu itangulie, kisha kila nyumba ipewe kitu chake kwa kipimo. Nyumba isiyo na uwezo ipewe dania, ndimu au kuni. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, na shurba bila ndimu haijakamilika.

Watu 50, kila mmoja bakuli la mililita 400, ni lita 20 za kunywa. Kwa kiasi hicho tafuteni ngano gorogoro moja, takriban kilo 2, mifupa kilo 3 na nyama kilo 2. Vitunguu maji viwe kilo 2, tungule kilo 2 na nusu, viazi kilo 3, karoti kilo 1 na nusu, tangawizi gramu 200, thomu (kitunguu saumu) gramu 150, mafuta ya kupikia mililita 300, dania mashada 4 na ndimu 20. Viungo vya unga ni pilipili manga vijiko 3 vya mezani na bizari nzima vijiko 4, ikaangwe kavu kisha isagwe siku hiyo hiyo. Mdalasini vijiti 6, iliki punje 12, karafuu 6 na zisizidi. Karafuu zikizidi, chungu kitanukia dawa ya meno. Viungo hivi vyote vinapatikana soko la Marikiti, na kwa tungule na viazi vya watu wengi ni bora kuvuka daraja la Nyali kwenda soko la Kongowea, bei ya jumla inapunguza mchango wa kila mtu.

Wengi hukosea kwa kuchukua kipimo cha supu ya nyumbani, cha watu 5, wakakizidisha mara 10. Hakizidishiki hivyo. Maji yanapungua kwa kupitia uso wa sufuria, na uso haukui sawa na ujazo. Sufuria ya lita 3 ikitokota saa 3 inaweza kupoteza theluthi nzima ya maji, lakini degi (sufuria kubwa) lenye lita 24 za maji, lililofunikwa nusu, linapoteza kama lita 4 tu. Mkizidisha maji mara 10 mtapata maji ya kunawia yenye harufu ya nyama. Mkizidisha chumvi na karafuu mara 10 hakuna atakayekunywa.

Mchango wa nyama uwe wa pesa. Tunalisisitiza hili kuliko yote. Nyama inunuliwe duka moja, ya mnyama mmoja, iliyochinjwa kihalali, ili mtaa wenye watu wa dini zote unywe chungu kimoja bila mtu kuuliza chochote. Tena nyama za nyumba tofauti haziivi pamoja: shingo ya mbuzi inataka zaidi ya saa 2, kuku wa kienyeji saa 1 na nusu, kuku wa broila dakika 40, na baada ya hapo anageuka nyuzi. Mwambieni muuza nyama awape goti, mkia na mifupa yenye uboho. Mifupa iliyokatwa kwa shoka huwa na vibanzi, kwa hiyo ioshwe kipande kwa kipande, na supu ichujwe baadaye hata kama inaonekana safi. Kibanzi cha mfupa kooni mwa mtoto si jambo la kubahatisha.

Maji nayo si kitu cha kupitia juu juu katika mji huu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ukiyapika kwa saa 5 chumvi inabaki na maji yanapungua, na supu inakolea kabla hujagusa kopo la chumvi. Nunueni mitungi miwili ya lita 20 ya maji matamu, ya kupikia na ya akiba. Maji ya kisima yabaki ya kuoshea vyombo.

Ngano iloweke asubuhi, si usiku. Kwa joto la Mombasa, ngano iliyolala ndani ya maji hadi asubuhi inaanza kuchacha: unaona vipovu juu na harufu ya togwa, na uchachu huo hautoki. Ngano ya kupasuliwa inatosheka na saa 3. Kama mmepata ngano nzima iliyotwangwa tu, itataka saa 6 hadi 8, na maji yabadilishwe mara mbili katikati. Ioshwe kwanza mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, kwa sababu kapi na vumbi vikibaki vitaelea juu ya supu yote.

Kama ni ya futari, magharibi kwetu huingia karibu saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo moto uwake saa 5 asubuhi. Degi liwe la lita 40, lisijae zaidi ya robo tatu. Masufuria ya harusi ya kukodi yanafaa sana, ila chagueni lenye kitako kinene. Mafiga matatu yapangwe juu ya ardhi ngumu na myajaribu kwa degi lililojaa maji kabla ya kuwasha. Lita 24 zenye moto zikipinduka ni msiba.

Tieni mifupa na nyama katika lita 24 za maji baridi. Maji ya moto yanaigandisha damu papo hapo ndani ya nyama, baridi inaitoa polepole ikapanda juu kama povu. Degi kubwa litachukua dakika 45 hadi saa nzima kuchemka. Hapo asiondoke mtu: povu liengueni kwa upawa mpana mpaka likome, kisha toeni kuni mbili ili supu itokote kwa vipovu vichache vya pembeni. Ikichemka kwa vurugu mafuta yanachanganyika na maji, supu inakuwa ya kijivu na nzito mdomoni. Sasa tieni mdalasini, iliki, karafuu, nusu ya tangawizi na kitunguu kimoja kizima. Chumvi bado.

Saa 9 alasiri nyama imelainika. Itoeni, mchuje supu kwa kitambaa safi, mlioshe degi na kuirudisha supu ikiwa imepimwa. Tekeni lita 3 mziweke kando bila chumvi. Hiyo ndiyo akiba itakayowaokoa baadaye. Iliyobaki ndani ifikishwe lita 18 kwa maji ya moto. Maji baridi yatauchelewesha upishi.

Wakati ngano inaingia, watu wawili wachambue nyama yote kutoka kwenye mifupa na kuikata nyuzi nyuzi, na uboho ugongwe utoke. Kilo 2 za nyama mbichi hazitoi vipande 50 vya haki, na mwenye kugawa akianza kuchagua vipande, maneno yataanza. Nyama iliyochambuliwa inaingia kila bakuli bila kuhesabiwa.

Ngano ndiyo kazi yenyewe. Ichujeni maji yake, muitie huku mwingine anakoroga, maana ikishuka kwa mkupuo inakaa kitako kama mchanga. Moto uwe wa makaa zaidi kuliko ndimi. Kwa dakika 20 za kwanza mwiko usisimame, baadaye korogeni kila dakika 5, mkiukwangua mwiko kitakoni na pembeni pale kitako kinapokutana na ukuta wa degi. Hapo ndipo inaposhika kwanza. Ngano ya kupasuliwa iliyoloweka inaiva kwa saa 1 na robo hadi saa 1 na nusu. Ipimeni kwa kubonyeza punje kati ya vidole: ikiwa na kiini cheupe kigumu bado, ikipasuka yote imekuwa tayari. Msiipondeponde. Ikipondwa ikawa ugali laini hiyo ni bokoboko, chakula kizuri cha sinia, lakini hakigawiwi kwa upawa kwa watu 50.

Viazi vya vipande vya sentimita 2 na karoti viingie ngano ikikaribia kuiva, na vilainike kabla ya tungule. Uchachu wa tungule unafanya viazi vibaki vigumu katikati hata mkivipika saa nzima. Ndiyo sababu rojo linapikwa kando: vitunguu kilo 2 kwenye mafuta mpaka viwe vya rangi ya hudhurungi, na msidanganywe, vinataka nusu saa na zaidi, kisha thomu na tangawizi iliyobaki, kisha tungule mpaka mafuta yajitenge. Rojo liingie degini karibu saa 11 na robo pamoja na nyama, pilipili manga na bizari.

Chumvi iwe mkononi mwa mtu mmoja, na watu wengine wote wasiiguse. Mwanzo gramu 100, korogeni, subirini dakika 5, onjeni, kisha gramu 20 kwa 20. Chungu hiki kikitumia maji matamu huridhika karibu na gramu 160. Vidonge vya supu ambavyo kila jirani huleta kwa nia njema vimejaa chumvi, vikitiwa vihesabiwe. Aliyefunga anayeogopa kuonja, amtafute asiyefunga aonje kwa niaba yake.

Ikizidi chumvi, msitie kiazi kizima mkingoja kivute. Kiazi kinakunywa supu kama ilivyo, chumvi na maji pamoja, na inayobaki ni ile ile. Dawa ni ile akiba ya lita 3. Ikizidi uzito pia dawa ni hiyo, na itazidi: ngano inaendelea kunywa maji hata moto ukizimwa. Kwa hiyo saa 11 na dakika 45 mnapouondoa moto, shurba iwe nyepesi kidogo kuliko mnavyoipenda.

Ikishika chini, harufu itawaambia kabla ya macho. Hapo mwiko utoke mara moja. Msikwangue. Mimineni ya juu kwenye sufuria nyingine bila kutikisa, mwache vidole viwili vya chini. Mkiondoa mapema, hakuna atakayejua. Mkikwangua hata mara moja, moshi umeingia kote na hakuna kiungo cha kuufunika.

Wenye kuleta jamii ya kunde, wapokeeni kwa heshima lakini kwa sufuria ya pili. Pojo na kunde hupikwa kando, ziingie zikiwa zimeiva, na kwa maji matamu, kwani maji magumu ya kisima yanazizuia kulainika. Maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguzwa moto. Yakiwa nusu mabichi yanatapisha. Mkikosa pesa ya nyama kabisa, pojo kilo 2 na tui la nazi 6 zinakaa mahali pa mifupa: tui jepesi mwanzoni, kasimile (tui zito) mwisho kabisa huku mkikoroga, isichemke ikakatika.

Kugawa kuwe kwa upawa mmoja uliopimwa, na kila baada ya mabakuli 5 mkoroge toka chini, la sivyo wa kwanza watakunywa maji na wa mwisho watakula ngano. Dania ikatwe wakati huo huo, ndimu na pilipili mbuzi ziwe mezani kila mtu ajitilie, kwa ajili ya watoto na wenye vidonda vya tumbo. Kwa wazee wasioweza kutoka, bakuli zao zitangulie kabla ya adhana, zimefunikwa, na mtoto wa kuzipeleka awe ameshaambiwa nyumba zipi.

Inayobaki isilale ndani ya degi. Chungu kikubwa kinabaki vuguvugu usiku kucha na asubuhi shurba imechacha. Ndani ya saa 2 igawanywe kwenye sufuria pana, kina cha vidole vinne, zipoe wazi chini ya upepo wa feni kisha ziingie friji za majirani watatu au wanne. Kesho yake ongezeni maji kikombe kimoja kwa kila lita kabla ya kuipasha, na ichemke kweli kweli, si kupata moto tu.