Jibu lililonipa jina

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tabata kaniandikia: "Shikamoo Shangazi. Natamani na mimi niwe na safu ya ushauri, nitetee wanawake, nijulikane kama wewe. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Nilicheka, halafu usiku usingizi ukagoma.

Kujulikana najulikana, siwezi kukataa. Juzi tu Kariakoo, Mtaa wa Kongo, muuza vitenge kanipunguzia bei bila kuombwa, eti mama yake alikuwa akikata safu yangu gazetini na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Niacheni nijisifu kidogo, nimesota. Lakini jina hilo limetokana na jibu bovu.

Mama mmoja wa Mbagala aliniuliza. Kaishi na mwanaume miaka 6, wamezaa, wamejenga vyumba vitatu, sasa anafukuzwa. Nikajibu kwa mbwembwe: "Miaka 2 inatosha! Wewe ni mke halali, usitoke hata akileta greda." Watu wakapagawa. Jibu likapigwa picha, likazunguka WhatsApp mji mzima. Nikaanza kuitwa kwenye makongamano na kicheni pati, na zikifika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia napewa maiki kabla ya wanasheria.

Sasa, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakisemi nilivyosema. Kinasema watu wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia kwamba wameoana. Hiyo ni dhana, na dhana inaweza kukanushwa. Bwana yule aliikanusha asubuhi moja, kwa cheti cha ndoa ya kanisani. Mke wake yu hai, yuko kijijini analima.

Mama alinitafuta mpaka nyumbani. Gazeti alikuwa amelikunja mara nne, wino umefutika kwenye mikunjo. Akalitandaza mezani, akaweka kidole juu ya neno "halali". Hakunitukana. Aliuliza tu, "Dada, hili neno ulilitoa wapi?"

Nililitoa kichwani. Ndiyo siku niliyoanza kusoma kifungu chote, nikakuta sehemu ya pili: hata dhana ikikanushwa, mwanamke aliyeishi hivyo anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Yaani haki alikuwa nayo, mimi ndiye niliyemwelekeza kwenye mlango usio wake. Tulirudi mahakamani pamoja, safari hii na wakili niliyemlipa mwenyewe.

Kwa hiyo mwanangu, soma sheria. Usisimuliwe, soma. Wakili usimpigie simu ya bure ya dakika mbili, mlipe akae na barua yako. Na usijibu ukiwa unawaza watu watakavyoshangilia, maana aliyeandika ni mmoja, na ndiye atakayelala nje. Siku hizi naona vijana wanafungua kurasa, kila swali jibu ni "achana naye", makofi yanapigwa. Aende wapi? Mna chumba cha kumpa?

Masahihisho yangu yalitoka wiki mbili baadaye. Hakuna aliyeyapiga picha.

Lile jibu la kwanza bado linatembea. Jumapili limenirudia kwenye grupu letu la vikoba, limepambwa maua, chini wameandika: "Shangazi hakosei."