Ukifika Ubud, Tua Mzigo Kwanza

Mara ya kwanza nilienda Ubud, mji wa sanaa wa Bali, kwa siku moja. Nilikuwa nimelala ufukweni, kusini mwa kisiwa hicho cha Indonesia, nikakodi gari na dereva, tukapanda asubuhi tukashuka jioni. Niliona msitu wa tumbili, matuta ya mpunga ya Tegalalang, pango la Goa Gajah, na maduka manne ambayo sikuyaomba. Kila duka dereva aliegesha bila kuniuliza, nikakaribishwa ndani, nikaonyeshwa vinyago vya bei ya juu mno. Baadaye nikajua kwamba alikuwa akipata kamisheni kwa kila mteja anayemwingiza. Nilirudi na picha mia mbili kwenye simu, na sikuwa nimezungumza na msanii hata mmoja.

Mara ya pili nilikaa siku nane. Ninayokuandikia hapa yametoka kwenye hizo nane, na ushauri wangu mkubwa ni huo: usiende Ubud kutalii, nenda ukakae. Ukipata siku nne, zote zimalizie hapo hapo mjini na vijijini vyake. Usizigawe na visiwa vingine.

Mji wenyewe uko ndani ya kisiwa, mbali na ufuko, wilaya ya Gianyar, kilomita 35 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Ngurah Rai. Usidanganyike na hizo kilomita, foleni inaweza kukuweka barabarani saa moja na nusu au zaidi. Hakuna mlima wa kupanda pale. Kuna migongo ya vilima iliyokatwa na makorongo ya mito, na hewa ya usiku ni nafuu kuliko pwani. Mvua nyingi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, mara nyingi mchana, kwa hiyo mambo ya nje yafanye asubuhi.

Tafuta chumba kwenye nyumba ya wenyeji, usichukue hoteli kubwa. Hili nalisisitiza kwa sababu nusu ya niliyojifunza niliyapata uani. Nyumba ya watu wa Bali ni ua uliozungushiwa ukuta. Ndani mna vijumba kadhaa, kimoja cha kulala, kingine cha jiko, banda la wazi la sherehe, na kwenye pembe ya upande wa mlima na mashariki ndiko kuna hekalu la ukoo. Familia nyingi hupangisha vyumba viwili vitatu humo humo. Unaamka na kusikia fagio, jogoo, na harufu ya ubani.

Asubuhi ya pili nilimkuta mama mwenye nyumba amekaa barazani, mbele yake ungo wa majani machanga ya mnazi, kisu kidogo na maua. Nilikuwa namwita Ibu, ndivyo unavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri. Nikasimama kumtazama. "Duduk," akaniambia, kaa. Nikakaa mpaka jua likapanda.

Alikuwa anatengeneza canang sari, sadaka ndogo inayowekwa kila siku kizingitini, dukani, njia panda, hata juu ya pikipiki. Unakata ukanda wa jani, unaukunja uwe kisahani cha pembe nne, unabana pembe kwa vijiti vyembamba vya mwanzi (siku hizi wengi wanatumia stepla, na Ibu alikuwa nayo pembeni kwa siku za haraka). Katikati kinawekwa kifurushi kidogo cha tambuu, chokaa na popoo. Nilipoviona vile vitu vitatu nilicheka kwa furaha, maana ndivyo vilivyokuwa kwenye mkoba wa bibi yangu. Juu yake maua, na kila rangi ina upande wake: meupe mashariki, mekundu kusini, manjano magharibi, ya buluu au kijani kaskazini. Mwisho udi unawashwa, maji yananyunyizwa, na mkono unapepea moshi kuelekea juu. Udi ukishakwisha, sadaka imeshapokelewa. Kuku akija kula wali uliowekwa hapo hakuna anayemfukuza. Wewe mgeni, usiiruke wala usiikanyage ikiwa moshi bado unatoka. Zunguka.

Nakueleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo ufunguo wa sanaa yote ya Ubud. Ngoma, kinyago, jiwe lililochongwa, vyote vilianzia kwenye sadaka. Hadi miaka ya 1920 wachoraji wa Bali walichora zaidi kwa ajili ya mahekalu na majumba ya wafalme, hadithi za miungu na mashujaa. Kisha mwaka 1927 akafika mchoraji Mjerumani Walter Spies, akafuatiwa na mchoraji Mholanzi Rudolf Bonnet. Mwaka 1936 wao, mwana wa kifalme Tjokorda Gde Agung Sukawati na mchoraji bingwa wa hapo I Gusti Nyoman Lempad wakaanzisha chama cha wasanii, Pita Maha. Watu wakaanza kuchora soko, mavuno, wanaooga mtoni. Ukitaka kuyaona mabadiliko hayo kwa macho, nenda jumba la makumbusho la Puri Lukisan, lililofunguliwa mwaka 1956, na nenda siku ya kwanza kabla hujanunua chochote. Simama mbele ya michoro ya Lempad: mstari mweusi mwembamba, rangi chache sana, na mwili wa mtu umekamilika. Ukitoka hapo jicho lako limeshanolewa, na picha za haraka haraka za barabarani hazitakubabaisha.

Vijiji vinavyozunguka vina kazi zao, na ni vizuri kujua nani anafanya nini: Mas ni wachonga mbao, Celuk ni masonara wa fedha, Batubulan ni mawe, Batuan ni wachoraji. Chagua kimoja. Mimi nilichagua Mas, nikalipia asubuhi tatu kwa mchongaji wa vinyago vya uso. Anakaa sakafuni, gogo analibana kwa nyayo, patasi mkono mmoja na nyundo ya mti mkono mwingine. Siku ya kwanza alinipa kipande nichonge pua tu. Pua! Nilichukua saa mbili nikaivunja. Alinieleza kuwa kinyago kitakatifu huchongwa kwa mti wa pule, mbao zake huombwa kwa ibada, kisha kinyago hutakaswa na kuhifadhiwa hekaluni. Anachokiuza kwa wageni hakijapitia hayo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kinyago akaapa kwamba kimetoka hekaluni, ama anakudanganya, ama kimeibwa. Kiache.

Kuhusu bei: sokoni patana bila haya, ndiyo desturi, ila kwa tabasamu. Nyumbani kwa fundi, ukishamwona ametumia siku kadhaa kwenye kitu kimoja, punguza kidogo au usipunguze kabisa. Beba rupia taslimu za noti ndogo. Na tangu Februari 2024 kila mgeni kutoka nje ya Indonesia analipa ada ya rupia 150,000 kuingia Bali. Ni halali, lipa mtandaoni kabla ya kusafiri na utunze risiti.

Ngoma zipo kila usiku. Kwenye kasri, Puri Saren Agung, maonyesho huanza saa moja na nusu usiku, fika mapema upate kiti cha mbele. Ukitazama legong, ngoma ya wasichana, angalia macho yao na vidole vyao. Kecak, ngoma nyingine, haina ala hata moja, ni duara la wanaume wanaopiga "cak-cak-cak" kwa midomo kuzunguka moto, na kisa ni cha Rama na mkewe Sita, kutoka utenzi wa Kihindu wa Ramayana.

Lakini kilichonishika zaidi sikukilipia. Usiku mmoja nikirudi chumbani nilisikia gamelan, kundi la ala za shaba za kugonga, kwenye banda la mtaa, wanaume wa kawaida wakifanya mazoezi. Nikaomba kwa ishara, wakanionyesha pa kukaa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mkono wa kulia ukipiga pao la shaba na wa kushoto ukilizima papo hapo. Ala huundwa mbili mbili, na moja huwekwa sauti ya chini kidogo kuliko pacha wake, makusudi. Zikipigwa pamoja sauti inatetema, na hilo tetemo wanaliita ombak, yaani wimbi. Nililisikia kifuani. Na ule mwendo wa kasi unaodhani ni wa mtu mmoja, ni wawili, kila mmoja anapiga nusu na kuacha pengo kwa mwenzake. Ukisikia mazoezi mtaani kwako, sogea, omba, kaa chini, zima simu.

Hekaluni funga saruni na mshipi kiunoni. Usipite mbele ya wanaosali, usisimame mahali pa juu kuliko kuhani. Mwanamke aliye kwenye siku zake haingii. Mimi ilinikuta siku ya hekalu la mtaa kuadhimisha kuwekwa wakfu kwake, nikabaki langoni. Sikukosa kitu: wanawake walipita mbele yangu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mnara wa matunda na keki kichwani, bila kuushika. Nyingi ya sikukuu hizo hufuata kalenda ya siku 210, kwa hiyo muulize mwenyeji wako kuna nini wiki hiyo. Ukiangukia Nyepi, mwaka mpya wao, ambao kwa kawaida huwa Machi, uwanja wa ndege hufungwa siku nzima na hakuna kutoka nje. Nunua chakula mapema.

Lugha isikutishe. "Apa kabar?" ni "habari gani", na kabar ni habari yetu hii hii. Kertas ni karatasi, sabun ni sabuni, waktu ni wakati, meja ni meza, na dunia ni dunia. Kila nilipotamka moja ya hizo, nyuso zilifunguka. Na majina utayazoea upesi: mtoto wa kwanza mara nyingi huitwa Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, awe wa kiume au wa kike, na wa tano anarudia Wayan.

Kwenye msitu wa tumbili vua miwani na hereni, usibebe chakula. Hayo tu.

Asubuhi ya kuondoka Ibu aliniachia ungo. Nikakunja canang moja mwenyewe, pembe yake moja ikapinda, akaiangalia, akaongeza ua la manjano upande wa magharibi, akaiweka kizingitini mwa chumba changu na kuwasha udi. Gari lilipofika kuku alikuwa ameshaanza kula wali.