Hicho ni kichwa kimoja, si viwili

Kuna anayedai kuwa picha ya zamani ya reli ya Mombasa–Nairobi inaonesha vichwa viwili vya treni vilivyounganishwa. Hapana. Ni kichwa kimoja cha mvuke aina ya Garratt: bwela limening'inia katikati, mbele tangi la maji, nyuma tangi la mafuta, na kila upande una seti yake ya magurudumu. Ndiyo maana kinapinda kwenye kona za reli ile nyembamba, yenye upana wa mita moja, licha ya uzito wake. Vichwa vya Garratt vya kundi lililoitwa daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, vilikuwa 34, kila kimoja tani 252 hivi, na vilipewa majina ya milima yetu. Nimemsogelea mmoja wao, namba 5918, aitwaye Mount Gelai, pale Makumbusho ya Reli Nairobi. Gurudumu lake tu linakufanya ujione mtoto. Picha nyeusi na nyeupe hazimtendei haki kabisa, maana rangi yake ni ya damu ya mzee.

Ila si kila Garratt ni ya daraja la 59. Kuza picha, usome namba ubavuni, kwenye kibanda cha dereva: za daraja hilo huanza na 59, kama 5918.