Usiseme Unatoka Rindi

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na ajira

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimeitwa kwenye usaili wa afisa mikopo Mtwara mjini, baada ya wiki mbili. Nimezaliwa na kusoma Newala, na nikifungua mdomo tu watu wanajua mimi ni Mmakonde. Rafiki yangu ananishauri niongee kama watu wa Dar. Nibadilishe lafudhi? (Msomaji, Newala)

JIBU: Marahaba. Lafudhi iache ilivyo, shughulika na maneno ya kazi unayoiomba.

Lafudhi ya kuazima haidumu. Utajitambulisha vizuri, lakini likija swali la mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, akili yote inahamia kwenye hesabu, na sauti ya nyumbani inarudi yenyewe. Jopo likisikia sauti mbili kwa mtu mmoja, litajiuliza umeazima nini kingine. Halafu kuna kujisahihisha kupita kiasi. Anayeilazimisha r huipachika hata pasipo pake: "harafu", "kurara", mpaka "natoka Rindi". Aliyekazania th na dh anaibuka na "thamahani" na "dhawadi". Makosa ya aina hii husikika kuliko yale ya asili.

Kuivuta silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kimakonde kinavyofanya, hakumzuii mtu kukuelewa. Hata "ntu" na "nkubwa" zinaeleweka. Ukitaka kuzirekebisha, funga midomo kabla ya t au k, basi. Na mwambie rafiki yako kwamba Kiswahili sanifu kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kwa msingi wa Kiunguja. Lafudhi ya Kariakoo haikuwa kipimo.

Kinachogharimu ni sauti zinazobadili maana. Chukua "thamani". Ukisema "samani ya mteja ni milioni mbili", jopo litaelewa kwamba dhamana ni makochi na kabati, na kwa kuwa wapo wanaoweka samani rehani kweli, hakuna atakayejua umekosea. "Mahali" ikitamkwa "mahari" nayo inahamisha mazungumzo kutoka ofisini kwenda kwa wakwe. Ongeza riba, rejesho, dhamana, ghala (stakabadhi za ghala, yaani hati za mazao yaliyohifadhiwa ghalani, hutozikwepa, wateja wako ni wakulima wa korosho) na tarakimu zenye th, kama thelathini na themanini.

Kwa l, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia, sauti ikipita pembeni. Kwa r inagonga hapohapo mara moja na kuachia. Kwa th, ncha itokeze kidogo kati ya meno, pumzi tu ipite. Dh ni vilevile, ila weka vidole kooni uusikie mtetemo. Kwa gh, nyuma ya ulimi inalikaribia kaakaa laini (sehemu laini ya juu ya kinywa, kuelekea kooni) bila kuligusa. Ikigusa, umesema g.

Leo jirekodi kwenye simu dakika 2, ukijieleza na kutaja kiasi cha fedha. Usisikilize leo, sikiliza kesho ukiwa na kalamu, kwa sababu ukisikiliza papo hapo utasikia ulichokusudia kusema badala ya ulichosema. Chagua maneno 10, yasizidi 12. Kila asubuhi kwa siku 10, dakika 15, yaseme ndani ya sentensi: "Thamani ya dhamana ni shilingi milioni tatu." Siku zitakazobaki achana na matamshi, fanya mazoezi ya majibu tu. Ukiingia kwenye usaili bado unaujali ulimi, utayasahau majibu.

Woga huleta kasi, na kasi ndiyo inayomeza sauti. Swali likiisha, vuta pumzi moja kwanza. Ukiombwa urudie, usipaze sauti kwa neno lilelile. Badili neno, sema "bei yake sokoni" badala ya "thamani".

Kisha Kimakonde chako kiandike kwenye wasifu, na ukitaje. Afisa anayeweza kumweleza mzee wa Tandahimba masharti ya mkopo kwa lugha yake anapunguza mikopo inayokwama kwa kutoelewana.

SWALI: Jopo lilinicheka ninavyoongea, likaniuliza kabila langu. Ni halali? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Kucheka ni utovu wa adabu. Kukunyima kazi kwa ajili hiyo ni suala la kisheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu anapotoka, na kinamhusu hata mwombaji kazi. Lafudhi haikutajwa kwa jina, hivyo swali hilo la kabila ndilo ushahidi wako. Siku hiyohiyo andika nani aliuliza, kwa maneno gani, na nani walikuwepo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Tusikufiche, kuthibitisha ni kazi ngumu.

SWALI: Nasaili watu wa mapokezi katika hoteli huku Mikindani. Mwenzangu anakata alama kwa lafudhi. Nimjibu nini? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Mwambie apime kueleweka. Mpe mwombaji karatasi yenye jina la mgeni, tarehe ya kufika, idadi ya siku na bei ya chumba. Ayasome kwa simu akiwa chumba kingine, na mwenzako ayaandike bila kuuliza mara mbili. Kisha linganisheni karatasi mbili. Vyote vinne vikiwa sawa, hana alama ya kukata.