Baada ya Mionzi: Jinsi ya Kupata Ufuatiliaji Unaostahili kwa Madaktari Bingwa

Mgonjwa wa saratani ya titi anapomaliza mionzi, ndugu na majirani humpongeza kana kwamba mambo yamekwisha, naye mwenyewe hutamani iwe hivyo. Mimi nilitoka Dodoma kwenda kutibiwa Dar es Salaam, nikafanyiwa upasuaji, nikapewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kisha mionzi pale taasisi ya saratani ya Ocean Road, na sasa natumia vidonge vya kuzuia homoni. Katika miezi ile ya matibabu kila hatua ilipangwa na hospitali, na ukichelewa hata siku moja unapigiwa simu. Baada ya hapo kadi huandikwa tu kwamba urudi baada ya miezi mitatu, na mengine yote yanabaki mikononi mwako. Kwa hiyo ninawaandikia dada na mama zangu ambao wamefika hapo na hawajui waanzie wapi.

Swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla hujaruhusiwa ni hili: kuanzia sasa, ni nani anayenisimamia? Linaonekana dogo, lakini wengi wetu tunaangukia katikati ya madaktari. Daktari wa upasuaji anaamini kwamba daktari wa saratani ndiye anayekagua kovu na kwapa, na daktari wa saratani anaamini kwamba mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, imeshaagizwa na mwenzake, na mwaka unapita bila yeyote kuagiza chochote. Mwombe daktari akuandikie kwenye kadi jina la kliniki inayokusimamia, kipimo kinachofuata na mwezi wake.

Jambo la pili ni faili lako mwenyewe. Ninasema lako kwa sababu faili la hospitali hubaki hospitali, na ukipewa rufaa kwenda kwingine, daktari mpya hana mahali pa kuanzia isipokuwa karatasi ulizobeba. Karatasi iliyo muhimu kuliko zote ni majibu ya patholojia, yaani majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe. Tafuta humo mistari mitatu: ER, PR na HER2. Miwili ya kwanza inaonyesha kama saratani yako ilikuwa inalishwa na homoni, na wa tatu unaonyesha kama ulihitaji trastuzumabu, dawa inayolenga saratani yenye HER2. Bila mistari hiyo hakuna daktari bingwa anayeweza kukwambia kwa uhakika utumie kidonge gani na kwa muda gani. Omba pia muhtasari wa matibabu wenye majina ya dawa zote za kemo na idadi ya mizunguko, pamoja na kiasi cha mionzi na upande uliochomwa. Toa nakala, piga picha kwa simu, na zile karatasi zenye mhuri zitunze nyumbani.

Kuhusu ratiba, utaratibu unaofuatwa na wataalamu wengi ni kuonwa na kukaguliwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa 4 na wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Mamografia hufanywa mara moja kwa mwaka kwa titi lililobaki, na kwa aliyeachiwa sehemu ya titi lililotibiwa, ya kwanza husubiri angalau miezi 6 baada ya mionzi.

Hapa nataka kusema jambo kwa mkazo. Kuna zahanati moja binafsi iliyonishauri nipige sitiskani ya mwili mzima na kupima alama za saratani kwenye damu kila mara, ingawa sikuwa na dalili yoyote. Daktari wangu wa saratani alinieleza kwamba kwa mtu asiye na dalili, vipimo hivyo havijaonekana kurefusha maisha, bali huleta hofu, mionzi ya ziada na gharama. Fedha ile ilitosha nauli na mamografia. Anayekuuzia vipimo vingi si lazima awe anakujali zaidi. Kumtambua anayekujali, tazama kama amekuvua blauzi akakushika kwapa, shingo na kovu kwa vidole vyake.

Kwa sisi ambao saratani yetu ni ya homoni, vidonge ni sehemu ya matibabu kama ilivyokuwa kemo. Tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni isilishe saratani, hutumiwa kila siku kwa miaka 5, na kwa baadhi yetu hadi miaka 10, kwa kuwa aina hii inaweza kurudi hata baada ya muda mrefu wa afya njema. Ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au damu isiyo ya kawaida yako kama bado unapata hedhi, nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake na umwambie tangu mwanzo kwamba unatumia tamoksifeni, maana dawa hii inaweza kuathiri ukuta wa mfuko wa uzazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, hiyo ni dharura, kwa sababu damu inaweza kuganda. Ukiandikiwa dawa ya sonona, taja vidonge vyako, kwani fluoksetini na paroksetini hupunguza nguvu ya tamoksifeni. Na walio bado katika umri wa kuzaa waseme wazi kwenye kliniki ya uzazi wa mpango: sindano na vipandikizi vya homoni havitufai, ila kitanzi kisicho na homoni kinafaa, na mimba haifai kubebwa ukiwa unameza dawa hii. Anayetamani mtoto amwambie daktari mapema ili wapange pamoja. Waliokoma hedhi wakapewa anastrozoli au letrozoli, vidonge vingine vya kuzuia homoni, waulize kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa.

Mkono nao unahitaji mtaalamu, na mara nyingi hakuna anayetwambia. Ukiondolewa tezi za kwapani, maji ya mwili yanaweza kujikusanya mkononi miezi au hata miaka baadaye. Dalili huanza taratibu: bangili inabana, mkono wa gauni unakataa kupanda, jioni unahisi uzito. Chukua futi ya fundi cherehani, pima sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, mikono yote miwili, uandike tarehe. Anza kupima mapema, kwa sababu mkono unaotumia zaidi unaweza kuwa mnene kidogo tangu zamani. Tofauti ikiongezeka na kuzidi sentimita 2, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye atakufundisha mazoezi na kukupimia soksi maalumu ya mkono; uvimbe ukishughulikiwa mapema hupungua kwa urahisi zaidi. Mkono ukipata joto na maumivu pamoja na homa, usilale nao, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapewe antibiotiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, hivyo linganisha joto la mikono miwili kwa kiganja.

Waliopata trastuzumabu, au ile dawa nyekundu ya dripu inayoitwa doksorubisini, waulize kuhusu moyo. Kwa trastuzumabu, kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, hurudiwa takriban kila miezi 3 wakati wa matibabu. Ukianza kuchoka kupanda ngazi, au miguu yote ikivimba, mweleze daktari ni dawa gani ulipewa. Kwa walio Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo ndani ya eneo la Muhimbili.

Ndani ya chumba cha daktari muda ni mfupi na foleni ni ndefu, kwa hiyo andika maswali matatu kwenye karatasi, uanze na lile linalokutisha zaidi. Uvimbe mpya, maumivu ya mfupa yasiyopoa, kikohozi kisichoisha, kichwa kinachouma mfululizo au kupungua uzito bila sababu havisubiri tarehe ya kliniki. Kwa tunaoishi mikoani, muulize bingwa wako kama ukaguzi wa kawaida unaweza kufanyika hospitali ya rufaa ya mkoa kwa barua yake, ili safari ya Dar es Salaam ibaki kwa yale yasiyowezekana karibu.

Na wewe uliyepotea kliniki kwa sababu ya nauli, bima au msiba, rudi. Nenda mapokezi na kadi ya zamani, au hata na jina na mwaka uliotibiwa, uombe faili litafutwe. Mweleze daktari ukweli kuhusu mwezi ulioacha vidonge, kwa maana uamuzi wa kuvianza tena au kubadilisha dawa unategemea jibu hilo.