Simu "imejaa kumbukumbu": kilichojaa ni nini?

SWALI: Mimi ni mama wa Uyole, Mbeya. Simu yangu ilikuwa inaganda kila nikifungua WhatsApp. Fundi akaniambia, "Kumbukumbu imejaa." Nikafuta picha zote za harusi ya binti yangu, lakini simu bado nzito. Sasa kijana wangu anasema kilichojaa ni RAM, si hifadhi. Kwani kumbukumbu na hifadhi si kitu kimoja?

JIBU: Pole sana, mama. Hukukosea kuelewa. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na picha zako ndizo zilizoumia.

Nyumbani ukipukuchua mahindi, unatandika turubai uani. Gunia unalolishughulikia ndilo linalomwagwa pale, na jioni turubai linakunjwa. Mahindi yenyewe yanalala ghalani. RAM ndiyo turubai: programu unayoitumia sasa hivi hutandazwa humo, na simu ikizimwa hapabaki kitu. Picha, nyimbo na programu ulizopakua zinalala ghalani. Boksi la simu likiandikwa 3+32, maana yake ni GB 3 za turubai na GB 32 za ghala. Kutoa magunia ghalani hakuongezi upana wa turubai. (Ghala likijaa mpaka mlangoni simu nayo husuasua, ila hilo ni tatizo jingine.)

Tatizo la neno lenyewe ni hili. Kumbukumbu hutokana na kumbuka, na Waswahili tumelizoea kwa mambo ya kudumu. Kumbukumbu za kikao huandikwa ili zisomwe hata mwakani. Kwenye Biblia kuna Kumbukumbu la Torati, sheria iliyorudiwa ili watu wasiisahau. Kwa hiyo mama akiambiwa "kumbukumbu imejaa", atawaza nini kama si picha za harusi? Kumbe RAM husahau kila kitu simu ikizimwa! Hakuna sehemu ya simu isiyostahili jina hilo kama hiyo.

Hifadhi limetoka Kiarabu, nalo ni kutunza kitu kisipotee. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi juzuu ameiweka kichwani. Na huku kwetu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo hutunza maua ya uwanda wa juu. Ghala la simu linalistahili kabisa jina hilo.

Ushauri wangu: ghala liitwe hifadhi. Turubai liitwe RAM, kama alivyosema kijana wako. Anayetaka Kiswahili aseme kumbukumbu ya muda, lakini asiseme kumbukumbu peke yake. Vitenzi navyo vitofautiane: hifadhi hujaa, RAM huelemewa. Fundi angesema "simu imeelemewa", usingegusa picha. Ungeizima na kuiwasha, kisha ukaondoa programu usizozitumia ambazo hufanya kazi chinichini. Kufunga kila programu kila dakika hakusaidii sana, maana Android (mfumo unaoendesha simu) yenyewe huziondoa za nyuma nafasi ikibana.

Na usikate tamaa bado, mama. Fungua programu ya picha, utafute sehemu ya taka. Simu nyingi huweka humo picha zilizofutwa, mara nyingi kwa siku 30, kabla ya kuzitupa moja kwa moja. Itazame leo.