Rimoti za kujibia maswali darasani: asiyeona atajuaje jibu lake limefika?

SWALI: Shikamoo mama. Nafundisha chuo hapa Dodoma, darasa lina watu karibia mia. Chuo kinataka kununua zile rimoti ndogo, mwanafunzi anabonyeza A, B, C au D majibu yanatokea kwenye projekta. Nina mwanafunzi mmoja haoni kabisa na mwingine mkono wa kulia hauna nguvu. Nimeambiwa nikague kama zitawafaa, naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka. Anza na hao wawili wenyewe. Muombe muuzaji sampuli, wape mkononi, uliza swali la kweli kwa muda uleule wa darasani halafu wewe kaa kimya uangalie. Asiyeona kukipata kitufe wala sio kazi, tone la gundi likikauka juu ya kitufe linatosha kuwa alama, shida inakuja akishabonyeza, maana rimoti ikiwasha taa ndogo tu yeye atajuaje jibu limepokelewa? Tafuta inayotetemeka au kutoa mlio. Na swali liko ukutani, kwa hiyo usiposoma kwa sauti swali na machaguo yote manne hiyo rimoti kwake ni plastiki tu.

Wa mkono muwekee mezani abonyeze kwa kushoto, uone kama inateleza.

Wenzako watakwambia tumia simu, na kweli TalkBack, ile sauti inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, ipo kwenye simu nyingi za Android na huenda kijana wako anaitumia tayari. Ila Kahoot, ile programu ya kujibu maswali kwa simu kama mashindano, inampa pointi nyingi anayewahi, sasa ukiweka sekunde 20 muda utaisha TalkBack bado inasoma chaguo la pili. Ongeza muda, pointi za kasi zitoe. Kuna na Plickers, kadi za karatasi ambazo mwanafunzi anageuza upande wa jibu lake wewe unaskani kwa simu, bei nafuu sana, lakini kuinua kadi na kuishikilia kwa yule wa mkono ni mateso.

Kitu kimoja nakuomba sana, usikubali jirani ambonyezee. Hapo jibu sio lake tena, na akikosea kuna mtu ameshaona.

Hayo ya mlio na mtetemo yaandike kwenye fomu ya manunuzi kama sharti, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako.